Kutoka Makerere hadi Mlimani: Njia ya Mwalimu wa Sekondari

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Tanganyika ilifungua chuo kikuu chake cha kwanza. Chuo hicho hakikuwa na majengo yake. Kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake hawakuzidi 14. Wote walisomea sheria.

Nchi ilikuwa na njaa kubwa ya walimu wa sekondari, nayo ikaanza na wanasheria. Mpango huo ulikuwa na maana yake. Vyuo vitatu vya Afrika Mashariki vilikuwa vimegawana kazi: Makerere ilikuwa na udaktari, Nairobi ikachukua uhandisi, na Dar es Salaam ikapewa sheria ambayo haikufundishwa kwingine kote katika eneo hili. Ualimu nao ulikuwa na kwao. Kwa miaka mingi kijana wa Tanganyika aliyetaka kufundisha sekondari akiwa na elimu ya juu alipanda treni hadi Mwanza, akavuka Ziwa Victoria kwa meli, akaenda kusoma Uganda.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Haikuchukua muda ikaongezewa udaktari, kilimo, mifugo na ualimu, kwa sababu serikali za kikoloni zilihitaji wasaidizi wenye elimu na kuwaleta Wazungu kulikuwa ghali. Cheti cha ualimu cha Makerere ndicho kilichokuwa kilele cha kazi hiyo kwa Mwafrika. Aliyekipata angeweza kusimama mbele ya darasa la sekondari, ingawa mshahara wake haukulingana na wa Mzungu aliyefundisha chumba cha jirani.

Julius Nyerere alikwenda huko mwaka 1943 akitokea Shule ya Tabora, akahitimu mwaka 1945 na stashahada ya ualimu. Aliporudi alikuwa na nafasi mbili katika mji uleule wa Tabora: shule ya serikali, ambayo ndiyo aliyosoma yeye mwenyewe, na St. Mary's ya Mapadri Weupe, iliyokuwa bado changa. Alichagua St. Mary's. Serikali ilipomwonya kwamba miaka ya kufundisha misheni isingehesabiwa katika pensheni yake, onyo hilo halikumgeuza. Alifundisha pale hadi mwaka 1949 alipokwenda Edinburgh, akapata shahada ya M.A. mwaka 1952, akarudi kufundisha Pugu, kisha mwaka 1955 akaacha kazi kwa sababu siasa ilimtaka mzima. Jina la Mwalimu lilitoka huko, katika madarasa ya sekondari mbili za misheni, na watu waliendelea kumwita hivyo hata alipokuwa Ikulu.

Nyerere alipitia Makerere ya zamani, iliyotoa stashahada tu. Mwaka 1949 chuo hicho kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha London, kikaanza kutoa digrii za London, na njia ya mwalimu ikafuata desturi ya Uingereza. Mtu alisoma kwanza shahada ya somo lake kwa miaka mitatu: historia, jiografia, kemia. Ndipo akaongeza mwaka mmoja wa stashahada ya ualimu. Katika mpango huo mwalimu aliivisha somo kwanza, kisha akajifunza namna ya kulifundisha. Faida yake ni kwamba mhitimu alilijua somo lake kwa kina. Hasara yake kwa nchi maskini ni miaka minne, na kwamba katika miaka mitatu ya kwanza hakuna kilichomfunga mwanafunzi na ubao. Aliyemaliza shahada ya jiografia aliona ofisi za serikali zimemfungulia milango, kwa nini aongeze mwaka aende Songea kufundisha kidato cha kwanza?

Wengi hawakuongeza. Uhuru ulipofika, walimu wa sekondari wa Tanganyika wenye shahada walikuwa Wazungu na Waasia kwa sehemu kubwa sana, na Waafrika wachache waliokuwa nazo walinyakuliwa na wizara, balozi na siasa. Nyerere mwenyewe alikuwa mfano wa jinsi darasa lilivyopoteza watu wake. Kila mhitimu aliyepanda cheo serikalini aliacha kiti kitupu shuleni, na bila watu wa shuleni hao wahitimu wenyewe wasingeendelea kupatikana.

Pengo hilo lilizibwa na wageni. Desemba 1960 wajumbe wa Marekani, Uingereza na nchi za Afrika Mashariki walikutana Princeton, Marekani, na katika miezi iliyofuata ukazaliwa mpango wa kuleta walimu vijana katika sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika. Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York, kiliandaa Wamarekani. Wengine wao walipitia Makerere kupata mafunzo kabla ya kupangiwa shule. Kundi la kwanza lilifika mwaka 1961. Vijana hao walipelekwa mahali pengi, kutoka pwani hadi Ziwa Nyasa, na wazee wetu wengi waliosoma sekondari miaka ya 1960 wanawakumbuka kwa majina, kwa baiskeli zao na kwa Kiingereza chao cha puani. Walifanya kazi nzuri. Lakini mkataba wao ulikuwa wa miaka miwili, na shule inayobadili mwalimu wa hesabu kila baada ya miaka miwili haipati nafasi ya kutulia.

Ndipo mwaka 1964 chuo cha Dar es Salaam, ambacho tangu mwaka uliotangulia kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikapanda mlima. Kilihamia Observation Hill, mahali ambapo Watanzania wote leo wanapaita Mlimani, kikafungua Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii, na ndani yake Idara ya Elimu. Mwaka 1965 ikafuata Sayansi. Kwangu mimi mwaka 1964 ndio mwaka muhimu kuliko yote katika historia hii, kwa sababu ya uamuzi uliofanyika pale kuhusu namna ya kumlea mwalimu.

Dar es Salaam haikufuata desturi ya London. Badala ya kusoma somo kwanza na ualimu baadaye, mwanafunzi alisoma vyote kwa pamoja, miaka mitatu. Alichukua masomo yake mawili ya kufundishia na kando yake akasoma saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, mbinu za kufundisha, na katikati ya miaka hiyo akapelekwa shuleni kufundisha kweli. Shahada yake iliandikwa kabisa kuwa ni ya Sanaa na Elimu, au Sayansi na Elimu. Mwaka mmoja uliokolewa, na huo ulikuwa mwaka wa mshahara wa mtu mzima kwa taifa lililohesabu kila shilingi. Faida kubwa zaidi ilikuwa nyingine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuwa akisoma historia ya Afrika asubuhi alijua kwamba mwaka unaofuata atasimama kuifundisha mbele ya watoto 35, na alisoma kwa macho hayo.

Kwa hiyo mazoezi ya kufundisha, ambayo wanafunzi wenyewe wameyaita TP miaka yote, yalikuwa moyo wa mpango mzima. Mwanafunzi alifika shuleni na azimio la kazi, akaandika andalio la somo kwa kila kipindi, akaingia darasani na chaki mkononi huku mwalimu wa shule akimwangalia. Siku moja, bila taarifa ndefu, mhadhiri aliyemfundisha Mlimani aliingia kimya akakaa dawati la nyuma na daftari lake. Kila mwalimu wa sekondari wa Tanzania aliyepita chuo kikuu anaweza kukueleza siku hiyo hata kama imepita miaka 40: somo lilikuwa lipi, alikosea wapi ubaoni, na aliambiwa nini baada ya kengele. Hapo ndipo mtu aligeuka kuwa mwalimu.

Serikali haikuuacha mpango huo uendeshwe na hiari ya watu. Katika mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, 1964 hadi 1969, lengo lilikuwa Tanzania ijitosheleze kwa wataalamu ifikapo mwaka 1980, na walimu wa sekondari walikuwa wa kwanza katika hesabu. Ufadhili wa masomo ukafungwa na kazi. Aliyekubali kusomeshwa na serikali alikubali pia kuitumikia kwa miaka mitano pale atakapopangwa, na wengi waliopewa nafasi ya kusoma masomo yanayofundishwa sekondari walijikuta wamepangiwa na ualimu ndani yake, wawe walitaka au hawakutaka. Kwa sikio la leo jambo hili linasikika kali. Matunda yake yalionekana tangu wahitimu wa kwanza wa Mlimani walipoanza kuingia shuleni mwaka 1967: mhitimu alijua shule yake kabla wino wa cheti haujakauka, na shule ilijua inampata nani.

Uhusiano huo wa chuo na taifa haukuwa na amani siku zote. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu, wakiwa pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria iliwataka watumikie miaka miwili, miezi michache kambini na iliyobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Wengi walipokelewa tena mwaka uliofuata. Miezi michache baadaye lilitangazwa Azimio la Arusha, na Machi 1967 ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu wa sekondari akaongezewa kazi nyingine: shamba la shule, mradi wa kuku, na kuwafundisha vijana wasiwadharau wazazi wao wanaolima. Walimu waliotoka Mlimani mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wa kwanza kuubeba mzigo huo kwa vitendo.

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na Dar es Salaam ikawa chuo kikuu kamili. Mwaka huohuo ilianzishwa Idara ya Kiswahili. Inastahili kutajwa hapa kwa sababu ilikuwa idara ya kwanza chuoni kufundisha kwa Kiswahili chenyewe, na ilizipa sekondari walimu wa Kiswahili waliosoma isimu na fasihi kwa undani. Kabla yao somo hilo mara nyingi alipewa mwalimu yeyote aliyekuwa na vipindi vichache. Wanafunzi wa kombi za HKL na HGK waliosoma Kiswahili hadi kidato cha sita wanadaiwa shukrani na watu hao. Jambo la kusikitisha ni kwamba masomo mengine yalibaki katika Kiingereza, na Tume ya Makweta kuhusu elimu ilipopendekeza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba sekondari zihamie katika Kiswahili kuanzia mwaka 1985, serikali haikukubali. Mwalimu wa biolojia aliendelea kufundisha kwa lugha ambayo wanafunzi wake wa kidato cha kwanza walikuwa hawajaiweza.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Azimio lake kubwa lilikuwa kila mtoto wa umri wa shule awe shuleni ifikapo mwaka 1977, na nguvu ya nchi ikaelekezwa kwenye shule za msingi. Lakini azimio lilikuwa na sehemu nyingine iliyobadilisha kabisa njia ya kuingia chuo kikuu. Aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda moja kwa moja. Alipaswa kufanya kazi kwa angalau miaka miwili, kisha apate barua ya mwajiri na ya tawi la Chama kuthibitisha tabia na mwenendo wake. Baada ya muda si mrefu wanawake waliondolewa sharti hilo, kwa sababu idadi yao chuoni iliporomoka: wengi waliokwenda kazini waliolewa na hawakurudi.

Sharti hilo lilileta shida katika fani za sayansi na uhandisi, ambako miaka miwili mbali na hesabu ilitosha kumfanya mtu asahau. Upande wa ualimu, hata hivyo, lilifungua mlango ambao mimi nauona kuwa na thamani. Wengi waliomaliza kidato cha sita walikwenda kwanza vyuo vya ualimu vya stashahada: Chang'ombe jijini Dar es Salaam, kilichofunguliwa katikati ya miaka ya 1960 kwa msaada wa Marekani; Klerruu na Mkwawa mkoani Iringa; Marangu, Korogwe, Monduli, Butimba. Mkwawa ilikuwa na historia ya ajabu kidogo, kwani ilijengwa na wakoloni kwa ajili ya watoto wa Kizungu, ikataifishwa, ikapewa jina la mtemi wa Wahehe. Mwanafunzi alipata stashahada, akafundisha sekondari, na baada ya miaka kadhaa akaingia chuo kikuu akiwa tayari ameshaandika mamia ya maandalio ya somo. Alipofika Mlimani na kuambiwa habari za saikolojia ya mtoto, hakuzisikiliza kama hadithi. Alikuwa na watoto wake kichwani.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa John Magufuli, aliyekuja kuwa Rais. Alisoma stashahada ya ualimu wa sayansi Mkwawa, kemia na hesabu, akafundisha Sengerema Sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha mwaka 1985 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoka mwaka 1988 na shahada ya Sayansi na Elimu katika masomo yaleyale mawili. Njia hiyo ilipitiwa na maelfu wengine ambao hawakuwa marais, na wengi wao ndio waliokuwa wakuu wa shule waliotulea sisi.

Miaka hiyo ya 1980 nchi ilikuwa imechoka. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uhaba wa kila kitu viliula mshahara wa mwalimu hadi ukawa hautoshi wiki mbili. Shule ziliongezeka kwa nguvu za wananchi, makanisa na Jumuiya ya Wazazi, lakini walimu wenye shahada walizikimbia. Baadhi walikwenda kufundisha Botswana na nchi nyingine za kusini, ambako mwalimu wa fizikia kutoka Dar es Salaam alipokelewa kwa mikono miwili. Mwaka 1989 Idara ya Elimu ya Mlimani ilipandishwa kuwa Kitivo. Kipindi hicho kiliona pia mwanzo wa kuchangia gharama, na mwisho wa enzi ambayo kijana alisoma bure akijua serikali itamlipia hadi sabuni.

Mtu ninayependa kumkumbuka katika kipindi hiki ni Profesa Geoffrey Mmari. Alikuwa mwalimu wa hesabu, akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Chuo Huria kilifanya jambo ambalo Mlimani haikuweza: kilimfuata mwalimu alipo. Mwalimu wa stashahada wa Tunduru au Ngara aliyekuwa na familia na vipindi 28 kwa wiki hakuweza kuacha kazi miaka mitatu. Sasa alipokea vitabu kwa posta, akasoma usiku kwa taa ya kandili, akaenda kituo cha mkoa kufanya mtihani, na baada ya miaka sita au saba akawa na shahada. Walioanza hawakumaliza wote. Waliomaliza walipata shahada ngumu kuliko zote nchini, nami nasema hivyo kwa heshima kubwa.

Kisha likaja wimbi. Serikali ilipofuta ada za shule za msingi na kutekeleza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanzia mwaka 2002, watoto walijaa, na watoto hao wangehitaji sekondari. Mwaka 2004 ukaanza mpango kama huo wa sekondari, MMES, na kuanzia mwaka 2006 kila kata ikaagizwa ijenge sekondari yake. Watu walibeba mawe, walichanga, walipanga matofali. Mwaka 2004 nchi ilikuwa na sekondari 1,291; mwaka 2009 zilizidi 4,000. Sidhani kuna nchi nyingi zilizofanya jambo la aina hiyo kwa miaka mitano. Wasichana wa vijijini ambao dada zao waliishia darasa la saba walivaa sketi za sekondari kwa mara ya kwanza katika ukoo.

Majengo yalipatikana. Mwalimu anapikwa kwa miaka, na miaka haikuwapo. Septemba 2005 Chang'ombe na Mkwawa ziligeuzwa kuwa vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zikaitwa DUCE na MUCE, kazi yao kubwa ikiwa kutoa walimu wa sekondari wenye shahada. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kikafunguliwa na nafasi nyingi za elimu. Vyuo vya makanisa navyo, kama St. Augustine cha Mwanza na matawi yake, vikajaza mabweni kwa wanafunzi wa ualimu, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikafanya hivyo Visiwani. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, iliwapa wanafunzi wa ualimu kipaumbele, na ualimu ukawa njia ya uhakika ya kupata bumu, yaani fedha za mkopo, kwa mtoto wa mkulima. Wengi waliingia kwa mlango huo. Siwalaumu hata kidogo. Lakini mkataba wa miaka ya 1960 ulimfunga mtu na darasa. Mkopo wa miaka ya 2000 ulimfunga na deni tu.

Wahitimu wa mipango hiyo wangeanza kutoka baada ya miaka mitatu, na shule zilikuwa wazi sasa hivi. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya muda wa mwezi mmoja hivi, ikawapa leseni na kuwapeleka madarasani. Wananchi waliwaita walimu wa voda fasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu papo hapo. Vijana hao walidhihakiwa sana na mimi naona walionewa. Walikuwa na miaka 20, walikwenda mahali ambapo wengine walikataa kwenda, wakafundisha masomo manne katika shule yenye walimu watatu. Kosa halikuwa lao. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kile ambacho Mlimani ilikijenga kwa miaka mitatu, yaani somo, mbinu na siku ile ya mhadhiri kukaa dawati la nyuma, kingeweza kubanwa ndani ya wiki nne.

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na matokeo yakapangwa upya kwa viwango vingine. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo vitabu, maabara na lugha, na upungufu wa walimu ulikuwa miongoni mwao.

Hapo katikati vyuo vikuu vilikuwa vimeanza kutoa walimu kwa maelfu kila mwaka, ila walikuwa wa upande mmoja. Historia, jiografia, Kiswahili na Kiingereza viliwavuta wengi, kwa kuwa shule za kata zisizo na maabara zilizalisha vijana wa HGK na HKL, na hao ndio waliokwenda chuoni, na hao ndio waliorudi kufundisha. Fizikia na hesabu zilibaki na wachache. Mzunguko huo haukuwa na mahali pa kukatikia wenyewe. Ndiyo maana mwaka 2014 ilianzishwa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hesabu Dodoma, kwa ajili ya vijana waliofaulu vizuri sayansi kidato cha nne, bila kupitia kidato cha tano na sita.

Tarehe 28 Mei 2016 wanafunzi hao, zaidi ya 7,000, waliamriwa kuondoka chuoni. Sababu iliyotolewa ni kwamba wahadhiri walikuwa wamegoma kufundisha kwa madai ya malipo. Vijana wa miaka 18 na 19 walionekana stendi ya Dodoma na mabegi na magodoro, wengine bila nauli. Bungeni kulitokea vurugu. Rais Magufuli alisema baadhi yao hawakuwa na sifa za kuwa chuo kikuu na akawaita vilaza, neno lililowachoma wengi. Baada ya uchambuzi, sehemu yao walirudishwa Dodoma, wengine wakapelekwa vyuo vya ualimu, na wengine safari yao ikaishia hapo. Rais huyo alikuwa mwalimu wa kemia aliyetoka Mkwawa na kujua thamani ya kupanda ngazi moja moja. Alikuwa na haki ya kuuliza kama njia hiyo ya mkato ilifaa. Vijana wenyewe hawakuichonga. Waliitwa na serikali, wakaitika.

Leo njia zimebaki tatu. Ya kwanza ni ile ya mwaka 1964, ya kutoka kidato cha sita hadi shahada ya elimu yenye masomo mawili. Ya pili ni ya stashahada, kisha kazi, kisha chuo kikuu, mara nyingi Huria. Ya tatu ni ya aliyesoma shahada nyingine, akaongeza stashahada ya uzamili ya ualimu kwa mwaka mmoja, kama walivyofanya wa Makerere ya zamani. Zote zinaweza kumtoa mwalimu mzuri. Linalonisumbua ni TP. Pale ambapo mhadhiri alikuwa na wanafunzi wachache wa kuwafuata, sasa ana mamia waliotawanyika mikoa kadhaa, na kijana anaweza kukaguliwa mara moja au mbili kwa haraka, dakika 40, gari likimsubiri mkaguzi nje. Fedha za TP zikichelewa, mwanafunzi anafika shuleni akitafuta chumba na mkopo wa mchele. Kama kuna mahali pamoja pa kuweka fedha katika elimu ya ualimu, ningeziweka hapo kabla ya jengo lolote.

Na kwenye mlango wa ajira mambo yamegeuka. Mhitimu wa 1967 alikuta barua ya kupangiwa shule ikimsubiri. Baada ya mwaka 2015 ajira za walimu zilipungua ghafla, hata pale ambapo elimu bila ada ya mwaka 2016 ilikuwa ikijaza madarasa. Shule zenye upungufu wa walimu ziliendelea kutegemea wa kujitolea, wakati wenye shahada za elimu waliendesha bodaboda na kuuza nguo. Mwaka 2024 serikali iliamua kwamba walimu nao watapitia usaili wa Sekretariati ya Ajira kama watumishi wengine, na usaili huo ukafanyika mikoani kuanzia Januari 2025. Katika foleni zake walikuwamo waliohitimu mwaka 2015 pamoja na wengine ambao mwaka huo walikuwa bado kidato cha kwanza, wote wakiwa na cheti kimoja, masomo mawili ya kufundishia, na andalio la somo waliloandika mara ya mwisho siku ya TP.